Camille wa Meza ya Kumi na Saba

SEHEMU YA TISA

Tulimwacha Ghizlane na kalamu mkononi. Bado anayo.

"Weka sahihi hapo chini, mwanangu," alisema Bi Lahbabi, mkuu wa utumishi. "Leo Ijumaa, kuskusi inapoa."

Karatasi ilikuwa fupi. Oumaima Rguig, mwajiriwa wa majaribio, meza ya kumi na saba, jina la simu Camille, ameonekana hana afya ya akili ya kuendelea na kazi. Kiongozi wa kundi lake athibitishe.

Kiongozi wa kundi lake ni Ghizlane. Na ugonjwa ulioandikwa pale ulikuwa wa Ghizlane pia, kuanzia herufi ya kwanza hadi nukta.

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita lilikwenda kufungia maandazi kabla hawajalisoma, nitasimulia mbio mbio. Wengine nivumilieni.

Kituo kile cha simu cha Casablanca kina watu mia mbili, na kazi yao ni kujibu Wafaransa ambao intaneti yao imekatika. Mfaransa akisikia jina Ghizlane hukata simu, au hutukana kwanza ndipo akate. Akisikia Camille hutukana tu, na huko ndiko kuelewana kwenyewe. Kwa hiyo kila anayeingia hupewa jina la Kifaransa. Mimi mwenyewe nilivaa hedifoni zile miaka mitatu nikiitwa Bruno, na mpaka leo mtu akiita Bruno barabarani nageuka.

Ghizlane alikuwa Camille kwa miaka sita. Miezi miwili iliyopita akapandishwa cheo kuwa kiongozi wa kundi, na jina likabaki kwenye meza pamoja na kiti. Akapewa msichana mpya, Oumaima.

Jumanne Ghizlane alikuwa hajalala usiku wa tano. Akajifungia kwenye kile chumba kidogo cha mikutano, akapiga namba iliyobandikwa hata milangoni mwa vyoo: Umechoka? Piga. Ni siri. Mwanasaikolojia wa kampuni akamwuliza jina lake, na ulimi wenye mazoea ya miaka sita ukajijibia wenyewe.

Camille.

Tangu hapo Camille anatafutwa, na Camille ni Oumaima. Ghizlane alijua tangu Jumatano na alinyamaza. Msimhukumu haraka, maana ana binti wa miaka mitano anayeitwa Tasnim, na Mounir, mtalaka wake, amefungua kesi amchukue mtoto huyo kwa madai kwamba mama yake si mzima wa akili. Kesi inasikilizwa Jumatatu. Wakili wa Mounir ana maneno mengi na ushahidi sifuri. Anachokosa ni karatasi moja tu yenye muhuri.

Akisema, atampoteza Tasnim. Asiposema, binti wa watu anatoka mlangoni na jina la wazimu.

Sasa twende.

"Mimi kichaa?" Oumaima alikuwa amesimama, hijabu imelegea, macho mekundu. "Mimi nikiweka kichwa kwenye mto, mama hunimwagia maji ndipo niamke! Nani amewaambia silali?"

"Umesema mwenyewe kwenye simu," alisema Si Abdelilah (kwao Si ni Bwana, na Lalla ni Bibi), mkuu wa ukumbi wa simu, mtu mrefu anayezungumza huku akitazama saa.

"Sijapiga simu yoyote."

"Kila mgonjwa wa akili husema hivyo hivyo."

"Haya, na asiye mgonjwa asemeje?"

Si Abdelilah akaitazama saa yake tena.

"Aliyepiga ametaja jina Camille," alisema Bi Lahbabi kwa upole. "Kwenye ukumbi huu Camille ni nani, binti yangu?"

"Ni mimi. Na kabla yangu alikuwa nani?"

Si Abdelilah akamgeukia Ghizlane, Bi Lahbabi naye akamgeukia, na Oumaima aliyeuliza kwa hasira tu akamgeukia pia.

Kisha Si Abdelilah akacheka.

"Kabla yako alikuwa Lalla Ghizlane. Na Lalla Ghizlane ni chuma. Siku anarudi kutoka mahakamani na talaka yake alijibu simu tisini na nne. Tisini na nne, unasikia? Usitafute pa kujifichia."

Bi Lahbabi naye akatabasamu. Ghizlane akatabasamu pia, kwa sababu tabasamu ndiyo kazi aliyoifanya miaka sita, na mwili wake hauombi tena ruhusa. Alijichukia kwa tabasamu lile.

"Sahihi, mwanangu."

Akainamisha kichwa. Akaandika herufi mbili za kwanza za jina lake.

Ndiyo, aliziandika. Naona mmekunja nyuso, lakini mimi kazi yangu ni kusema lililotokea. Aliandika herufi mbili, na ya tatu ikagoma. Kalamu ikachora mstari wa ovyo pembeni.

"Naomba niende chooni," alisema.

"Umebakiza dakika nne za leo," alisema Si Abdelilah.

Pale kituoni hata haja ndogo ina saa. Unabonyeza kitufe, na dakika zako zinaanza kukimbia kwenye kioo cha kompyuta ya mkuu wa ukumbi, jina lako likiwa la kijani, kisha la njano, kisha jekundu. Nimewahi kumwona mtu mzima, baba wa watoto watatu, anarudi mbio anafunga mkanda njiani. Wakubwa wanasema ni utaratibu.

"Nne zinatosha," alisema Ghizlane, akatoka.

Hakwenda chooni.

*

Chumba cha mwanasaikolojia kiko mwisho wa korido, kimebanana na chumba cha kuswalia. Dokta Wafae huja Jumanne na Ijumaa. Alikuwa ameweka sahani ya kuskusi mapajani, anatafuta kipande cha nyama chini ya maboga.

"Samahani, Dokta," alisema Ghizlane.

Kijiko kikasimama.

"Camille," alisema Dokta Wafae. Maneno mawili yalitosha aitambue sauti ya Jumanne. "Alhamdulillahi. Funga mlango, ukae. Nimekusubiri tangu asubuhi."

"Sina muda wa kukaa. Umewaambia nini?"

"Nani?"

"Bi Lahbabi! Umemwambia nini?"

Dokta Wafae akaweka sahani chini.

"Niliandika mistari mitatu. Kwamba Camille amechoka kupita kiasi, aondolewe kwenye simu, apewe mapumziko. Basi. Sikutaja jina lako, hata silijui. Nilitaja la simu tu."

"La simu tu!"

"Ndiyo. Jina la bandia. Nikaona litakusitiri."

Ghizlane alitaka kucheka, na kilichotoka kilifanana zaidi na kikohozi.

"Dokta, unatoka wapi wewe? Hapa ndani jina la kweli ndilo lisilojulikana. Mlinzi wa mlangoni ananiita Camille mpaka leo. Binti wa ukoo wangu alifika hapa, akauliza Ghizlane Zeroual, wakamwambia hakuna mtu kama huyo. Ungeandika Ghizlane wangehangaika wiki nzima! Umeandika Camille, wamekwenda moja kwa moja meza ya kumi na saba, wamemshika msichana mwingine. Wanamfukuza sasa hivi."

"Kumfukuza? Niliomba apumzishwe!"

"Yuko kwenye majaribio, na majaribio yanaisha leo. Kwa nini wampumzishe wakati wanaweza kumtupa?"

Uso wa Dokta Wafae ulibadilika rangi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye cheti kikubwa ukutani, na kwa dakika ile cheti hakikumsaidia kitu.

"Nakwenda kuwaambia si yeye," alisema, akavaa viatu.

"Watakuuliza ni nani."

"Sitasema. Hata wakinitoa na mimi."

"Unaniapia?"

"Wallahi sitasema, mpaka uniruhusu wewe mwenyewe." Akamshika mkono. "Lakini sikiliza. Ulichoniambia Jumanne si mchezo. Ukiendelea hivi utaanguka."

"Nitaanguka Jumanne. Jumatatu nina kesi."

"Kuchoka si wazimu, Lalla."

"Unaniambia mimi? Mwambie hakimu."

Kwenye kioo cha mkuu wa ukumbi, kule mbele, jina la Ghizlane lilikuwa limeshakuwa jekundu.

*

Walipofungua mlango wa Bi Lahbabi, mambo yalikuwa yamegeuka.

Oumaima alikuwa amekaa. Alikuwa ametulia, na utulivu ule ulitisha kuliko makelele yake. Mbele yake palikuwa na karatasi nyingine, na kalamu sasa ilikuwa mkononi mwake.

"Dakika saba na sekunde kumi," alisema Si Abdelilah.

"Nini hiyo?" aliuliza Ghizlane.

"Tumeelewana," alisema Bi Lahbabi. "Oumaima ameamua kuacha kazi kwa hiari. Ile ya kwanza naichana. Hakuna kuandika ugonjwa, hakuna aibu. Unaona tulivyo na huruma?"

"Kwa hiari?" Ghizlane alimtazama msichana. "Oumaima?"

"Nifanyeje, dada? Nikitoka na ile ya wazimu, kituo gani Casa nzima kitanichukua? Wote wanapigiana simu. Na posa yangu je? Mama wa mchumba wangu anatafuta sababu ya kuivunja tangu mwezi wa Ramadhani. Leo nimpelekee hii?" Alijifuta pua kwa mkono wa blauzi. "Acha niondoke. Kazi yenyewe ya kutukanwa."

"Bi Lahbabi," alisema Dokta Wafae, "aliyenipigia si huyu."

Mkuu wa utumishi akainua kichwa taratibu.

"Una uhakika?"

"Sauti si yake. Umri si wake. Si yeye."

"Basi ni nani?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi, au hujui?"

"Nilibandika neno siri milangoni mwa vyoo vyako, Bi Lahbabi. Siwezi."

"Camille ni mmoja tu kwenye ukumbi huu, Dokta. Nina orodha." Bi Lahbabi alifungua droo, akaitoa orodha, akaigonga kwa kucha. "Tuna Sophie wanne, tuna Julien sita, Camille ni mmoja. Wewe ulisema apumzishwe."

"Apumzishwe, sikusema afukuzwe!"

"Tunampumzisha. Kabisa kabisa."

Si Abdelilah akakohoa kuficha kicheko. Oumaima akaisogeza karatasi karibu, akaanza kuandika jina lake. Aliandika kama mtoto wa darasa la kwanza, herufi kwa herufi, huku machozi yakimtiririka na asiyafute.

Ghizlane alimwona Tasnim. Alimwona yuko mlangoni kwa bibi yake, na mkoba wa shule mgongoni, anauliza mama anakuja saa ngapi. Alimwona vizuri kabisa, mpaka kifungo kilichong'oka kwenye koti.

Na alimwona huyu wa mbele yake, binti wa mtu pia.

"Usiandike," alisema.

Kalamu haikusimama.

"Oumaima, acha! Simu ile niliipiga mimi."

Kalamu ikasimama.

Kutoka ukumbini zilisikika sauti za watu zaidi ya mia wakiomba radhi kwa Kifaransa, zote kwa mpigo.

Halafu Bi Lahbabi akafanya jambo ambalo Ghizlane hakulitarajia. Alizunguka meza, akaja akambusu kwenye paji la uso.

"Mwanangu, Mungu akulipe kwa moyo huo. Nimewahi kuona viongozi wengi, sijaona anayejitoa hivi kwa ajili ya mfanyakazi wake. Lakini hapana. Haitasaidia."

"Sijitoi. Ni kweli."

"Miaka sita hujaomba ruhusa hata ya jino!"

"Ndiyo sababu!"

"Lalla Ghizlane," alisema Si Abdelilah, "ukiwa kiongozi usiwe mama wa watoto wa wenzio. Nenda ukale."

"Sikiliza, dada," alisema Oumaima kwa sauti ndogo, "huna haja ya kuniongopea. Mimi nimeshakubali."

Jamani, hapo Ghizlane ndipo alipokaribia kuwa kichaa kweli. Miaka sita aliificha hali yake kwa juhudi zote, na siku anaitoa nje hakuna mnunuzi. Alivuta kiti akakaa.

"Haya, nisikilizeni," alisema. "Jumatatu hii iliyopita nilisimama kituo cha tramu. Ikaja, milango ikafunguka, watu wakapanda, mimi mguu haukuinuka. Nikasema ijayo. Ijayo ikaja. Zilipita tramu saba, Si Abdelilah. Ulinikata mshahara wa saa nzima siku ile, umesahau? Nikakwambia barabara ilifungwa."

Si Abdelilah aliacha kutazama saa.

"Nikifungua bomba la maji nasikia simu inalia. Nikilala nasikia inalia. Naamka naitafuta chini ya mto." Sauti yake ilikuwa tambarare, ya kusoma. "Jumatatu hiyo hiyo jioni mwanangu aliangusha bakuli la harira, supu ya moto, akaungua mkono. Analia. Mnajua nilimwambia nini? Nilimwambia kwa Kifaransa, asante kwa uvumilivu wako, naomba usikate, nakuweka kwenye laini. Nikasimama namtazama. Mtoto ameungua, nami nimesimama namtazama, nasubiri dakika zipite."

Ghizlane akamgeukia Dokta Wafae.

"Bibi yake ndiye aliyemtia mkono kwenye maji. Kesho yake nikapiga ile namba. Dokta, waambie."

"Una hakika?" Dokta Wafae alimsogelea. "Nikishasema, siwezi kulirudisha neno. Fikiria Jumatatu."

"Sijafikiria kitu kingine wiki nzima. Nakuruhusu. Sema."

Dokta Wafae akamgeukia mkuu wa utumishi.

"Ni yeye," alisema. "Tramu saba, bomba la maji, bakuli la harira. Yote aliniambia Jumanne saa nne asubuhi."

*

Sasa mnangoja Oumaima amkumbatie. Na mimi nilingoja hivyo, lakini msichana yule ni wa mtaa wa Hay Mohammadi, na wa huko hawakumbatii haraka.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu Jumatano."

"Tangu Jumatano! Jumatano walipoanza kunong'ona juu yangu kwenye foleni ya kahawa? Jumatano Julien wa meza ya ishirini aliponiuliza kama nimekunywa vidonge? Ulikuwa umekaa mbele yangu. Ukaniambia, vumilia, yatapita!"

"Nina mtoto, Oumaima."

"Na mimi nina mama! Analia tangu juzi. Amekwenda kwa fakihi ananiandikishia hirizi!" Alitupa kalamu chini. "Sijui nikushukuru au nikutemee mate. Wallahi sijui."

"Vyovyote utakavyofanya una haki."

Oumaima akageukia dirisha, mabega yanapanda na kushuka.

Bi Lahbabi naye alikuwa amerudi kwenye kiti chake. Busu limekwisha, na huruma nayo inaelekea mlangoni. Alichana karatasi ya kwanza, akachana na ya pili, akatoa ya tatu.

"Oumaima, kesho uje kazini kama kawaida. Majaribio umepita. Lalla Ghizlane, nakupa wiki mbili za mapumziko, mshahara kamili. Nafasi yako inabaki."

Ghizlane hakuamini masikio yake. Wiki mbili!

"Mungu akuweke, Bi Lahbabi."

"Ila lazima niandike sababu."

"Andika homa."

"Homa inaandikwa na daktari wa homa. Huyu aliyesimama hapa ni daktari wa nini?"

"Andika mapumziko ya kiafya," alisema Dokta Wafae. "Inatosha. Hakuna anayehitaji zaidi ya hapo."

"Makao makuu wanahitaji. Wameleta huduma hii kwa mbwembwe zote, wanataka kujua nani anaitumia na kwa ugonjwa gani. Nisipojaza hawalipi." Tayari alikuwa anaandika, mwandiko wake mzuri wa shule ya masista. "Ghizlane Zeroual. Kuchoka kupindukia, kuchanganyikiwa kwa muda..."

"Kuchanganyikiwa hapana!" alisema Dokta Wafae. "Sijasema neno hilo!"

"Mtu anamwambia mtoto wake aliyeungua asikate simu, Dokta. Wewe unaiitaje?"

"Bi Lahbabi, nakuomba." Ghizlane alikuwa amesimama. "Kesi yangu ni Jumatatu. Mounir anatafuta karatasi hiyo hiyo unayoiandika. Nanyang'anywa mtoto. Nakataa mapumziko. Sikia, siyataki! Nitarudi kwenye simu sasa hivi."

"Haiwezekani tena, mwanangu. Nikiwa sijui, sijui. Nikishajua, nikakuacha kwenye simu ukaanguka, nani atajibu? Karatasi hii inabaki kabatini mwangu. Nani ataiona?"

Akagonga muhuri. Aligonga mara moja, katikati.

Na simu ya mezani ikalia.

Bi Lahbabi akabonyeza kitufe cha kipaza sauti huku anapuliza wino ukauke.

"Samahani, Bi Lahbabi," ilisema sauti ya msichana wa mapokezi. "Kuna bwana hapa ametoka mahakama ya familia. Mchunguzi. Hakimu amemtuma aje azungumze na mfanyakazi anaitwa Ghizlane Zeroual. Nimemwambia hatuna mtu wa jina hilo, lakini anang'ang'ania. Anasema pia kampuni imwonyeshe karatasi yoyote iliyo nayo inayohusu afya ya huyo mama."

Bi Lahbabi aliutazama muhuri. Wino ulikuwa bado unang'aa.

"Mwambie amekwenda kula," alinong'ona Dokta Wafae.

"Anakuja mwenyewe, Bi Lahbabi," ilisema sauti. "Amepanda ngazi. Sikuweza kumzuia."

Si Abdelilah alisogea mlangoni, kisha akarudi. Hakujua amsaidie nani. Bi Lahbabi alishika karatasi kwa mikono miwili, hakuikunja wala hakuificha, kwa sababu katika maisha yake yote hajawahi kuficha karatasi yenye muhuri, na vidole havikujua kuanzia wapi. Ghizlane alikuwa ameegemea ukuta. Mdomo ulikuwa unamcheza, na kilichotoka, taratibu na kwa adabu zote, kilikuwa Kifaransa.

"Asante kwa uvumilivu wako," alikuwa anasema. "Naomba usikate."

"Lalla Ghizlane?" Dokta Wafae alimshika mabega. "Ghizlane! Nitazame. Nitazame mimi."

"Naomba usikate."

Oumaima aligeuka kutoka dirishani. Alimtazama kiongozi wake kwa muda, na hasira usoni mwake ikayumba. Viatu vya mtu vilikuwa vinasikika kwenye korido, hatua za mtu mzito asiye na haraka.

Msichana akajifunga hijabu vizuri. Akajipangusa macho kwa viganja vyote viwili. Akampokonya Bi Lahbabi karatasi, akaiweka kwenye kiti na kuikalia, kisha akanyanyuka tena akaifunika kwa mkoba wake.

"Oumaima, unafanya nini?" aliuliza Si Abdelilah.

"Nyamaza wewe. Tazama saa yako."

Mlango ukagongwa, na kabla hajajibiwa mgongaji akaingia. Alikuwa mzee wa miwani, suti ya kahawia, faili kwapani. Aliwatazama wote watano waliokuwa mle ndani, akaanzia kwa Bi Lahbabi na kumalizia kwa yule mwanamke aliyeegemea ukuta akinong'ona.

"Assalamu alaykum. Nani kati yenu ni Ghizlane Zeroual?"

"Ni mimi," alisema Oumaima, akanyoosha mkono. "Karibu, mheshimiwa. Samahani kwa usumbufu, huyu mwenzetu anaumwa kidogo, daktari anampeleka nje sasa hivi."

Mchunguzi hakuupokea mkono. Alifungua faili lake taratibu, akatoa picha kubwa ya harusi ya Mounir na Ghizlane, akavua miwani, akaivaa tena. Kisha akaiinua picha ile hadi usawa wa uso wa Oumaima, akaanza kulinganisha.